Jinsi ya Kuweka Malengo ya Fedha Yanayoeleweka na Kufikika

Watu wengi hupanga malengo ya fedha kwa kuanzia mwisho: hutaja kitu wanachokitaka, hukisia gharama yake, kisha hujiwekea tarehe ya kukipata bila kuuliza fedha hiyo itatoka wapi mwezi hadi mwezi. Mwongozo huu unashauri kuanzia upande wa pili. Kabla ya kuandika lengo lolote, jua ni kiasi gani hubaki kila mwezi baada ya matumizi yote, kwa kuwa kiasi hicho, ambacho hapa tutakiita ziada, ndicho kinachoamua lengo lipi linawezekana, litachukua muda gani, na lipi inabidi lisubiri. Mtu asiyeijua ziada yake anaweza kuwa na nia njema na nidhamu ya hali ya juu na bado akakwama, kwa sababu alijiahidi kiasi ambacho kipato chake hakikuwa nacho tangu siku ya kwanza.

Kuitafuta ziada

Kusanya rekodi za miezi 3 iliyopita: taarifa ya benki, ujumbe wa miamala ya simu, risiti, na daftari kama unalo. Andika kila kilichoingia na kila kilichotoka. Upande wa mapato, andika kiasi kinachofika mkononi baada ya kodi na makato mengine. Mshahara ulioandikwa kwenye mkataba haukusaidii hapa. Upande wa matumizi, usiandike kile unachodhani unatumia. Wanasaikolojia Daniel Kahneman na Amos Tversky walieleza mwaka 1979 jinsi watu wanapokadiria mambo yao wenyewe wanavyoegemea picha ya mambo yakienda sawa, wakapuuza kumbukumbu ya yale yaliyokwisha kutokea. Katika fedha, dawa ya tabia hiyo ni rekodi. Ukikuta miamala usiyoweza kuieleza, usiiondoe kwenye hesabu eti kwa sababu haitajirudia; iweke chini ya kichwa cha matumizi mengineyo, kwani kwa kawaida mwezi ujao hujirudia kwa sura nyingine.

Kuna kundi moja la matumizi ambalo huvuruga mipango mingi kuliko anasa, nalo ni matumizi yanayokuja mara moja au mbili kwa mwaka: ada, bima, matengenezo, safari, mchango wa shughuli za familia, kubadilisha kifaa kilichochakaa. Kwa kuwa hayatokei kila mwezi, watu huyaita dharura, ilhali mengi yanajulikana mapema. Yaorodheshe kwa mwaka mzima, yajumlishe, gawanya kwa 12, kisha lihesabu jibu hilo kuwa matumizi ya kila mwezi hata katika mwezi ambao hakuna kilicholipwa.

Tuchukue mfano wa mtu ambaye hupata 1,000 kwa mwezi. Sarafu iwe yoyote ile. Ukimuuliza bila maandalizi, atasema hutumia kama 780, na kwa hiyo anaweza kuweka akiba ya 220. Rekodi za miezi 3 zinaonyesha kwamba hutumia wastani wa 870. Matumizi yake ya mara mojamoja yanafika 600 kwa mwaka, yaani 50 kwa mwezi. Ziada yake basi ni 80, kiasi ambacho hakifiki hata nusu ya kile alichodhani. Lengo lolote ambalo angelijenga juu ya 220 lingevunjika mapema sana, naye angejilaumu kwa uzembe wakati kosa lilikuwa la hesabu.

Mwenye kipato kinachopanda na kushuka, kama vile mfanyabiashara mdogo, mkulima au anayefanya kazi za mkataba, hawezi kutegemea miezi 3 tu. Achukue miezi 12, atazame miezi iliyokuwa dhaifu, na apange matumizi yake ya lazima kwa kiwango cha miezi hiyo. Kwake ni salama zaidi kuahidi asilimia ya kila kinachoingia kuliko kuahidi kiasi kisichobadilika, na miezi mizuri ndiyo itakayobeba sehemu kubwa ya lengo.

Ikiwa hesabu imeonyesha kwamba ziada ni sifuri au iko chini ya sifuri, basi lengo la kwanza limekwisha kupatikana: kuitafuta ziada yenyewe, kwa kupunguza matumizi fulani yanayotajika kwa jina au kwa kuongeza kipato. Kuandika malengo mengine kabla ya hilo ni kujiongezea mzigo wa lawama.

Kuliandika lengo

Lengo lililokamilika hujibu maswali matano kwa sentensi moja au mbili: ni kiasi gani, kwa ajili ya nini, kufikia tarehe gani, kwa kutenga kiasi gani kila mara, na fedha itakaa wapi wakati ikisubiri. Sentensi ya “nataka kuweka akiba zaidi mwaka huu” haijibu hata moja kati ya hayo, na mwisho wa mwaka mwenyewe hawezi kusema kama amefaulu au la. Linganisha na hii: “Nitakuwa na akiba ya dharura ya 700 baada ya miezi 9, kwa kutenga 80 siku ileile mshahara unapoingia, katika akaunti ambayo siitumii kwa malipo ya kila siku.” Sentensi hii inaweza kukaguliwa mwezi wowote. Baada ya miezi 4 akiba ikiwa 320, mambo yanakwenda sawa. Ikiwa 200, kuna kitu cha kurekebisha, na kipimo cha upungufu kinajulikana.

Wanasaikolojia Edwin Locke na Gary Latham, ambao kwa miongo kadhaa wamechunguza namna malengo yanavyoathiri utendaji, walionyesha kwamba lengo mahususi na gumu huleta matokeo bora kuliko agizo la “jitahidi uwezavyo”. Wanaolinukuu tokeo hilo husahau masharti yake: mtu awe na uwezo wa kulitimiza lengo, awe amelikubali kwa moyo, na apate taarifa za maendeleo yake njiani. Ugumu unaozidi uwezo hauleti bidii, unaleta kukata tamaa. Ndiyo maana hatua inayofuata ni jaribio.

Kulijaribu lengo kwa kugawanya

Gawanya kiasi cha lengo kwa idadi ya miezi iliyopo, kisha linganisha jibu na ziada. Tuseme mtu wetu mwenye ziada ya 80 anataka 3,000 ndani ya miezi 24 kwa ajili ya mafunzo ya ufundi. Gawanya 3,000 kwa 24, unapata 125 kwa mwezi. Lengo halitoshei. Watu wengi wakifika hapa huliacha lengo lilivyo na kutumaini kwamba “mambo yatajipa”. Tumaini hilo halina mahali pa kukaa kwenye hesabu, kwa sababu vitu vinavyoweza kusogezwa ni vitatu tu, na lazima angalau kimoja kisogezwe kabla ya kuanza.

Cha kwanza ni muda. Kwa 80 kila mwezi, 3,000 itatimia baada ya miezi 38, na kama mafunzo yanaweza kusubiri miaka 3 na miezi kadhaa, hakuna tatizo. Cha pili ni kiasi. Katika miezi 24, 80 kila mwezi hufika 1,920, hivyo aulize kama kuna kozi fupi zaidi, au kama ada inaweza kulipwa kwa awamu. Cha tatu ni ziada yenyewe: anahitaji 45 zaidi kila mwezi, na swali sasa limekuwa dogo na la wazi, yaani ni matumizi gani ya 45 anayoweza kuyaacha kwa miaka 2, au ni kazi gani ya ziada inayoweza kuleta 45. Mara nyingi suluhisho huwa mchanganyiko wa hayo matatu. Kupunguza 20 upande mmoja, kuongeza 15 upande mwingine na kusogeza tarehe kwa miezi michache ni jambo linalowezekana kwa watu wengi ambao wangeshindwa kubana matumizi yote ya 45 kwa mkupuo.

Kwa malengo yanayozidi mwaka mmoja, usisahau kupanda kwa bei. Kitu cha 3,000 leo, bei zikipanda kwa asilimia 5 kila mwaka, kitagharimu takriban 3,473 baada ya miaka 3. Aliyepanga kutenga 80 kwa miezi 38 atafika mwisho akiwa na 3,040 mkononi na bei ikiwa imemkimbia. Riba ya akaunti ya akiba au ya amana ya muda maalumu huziba sehemu ya pengo hilo, na kitu cha kutazama ni tofauti kati ya riba hiyo na mfumuko wa bei. Riba ya asilimia 4 pale ambapo bei zinapanda kwa asilimia 5 ina maana kwamba fedha inaongezeka kwa tarakimu lakini inanunua vitu vichache zaidi.

Lipi litangulie

Mtu mwenye malengo sita na ziada ya 80 hana malengo sita. Ana orodha ya matamanio. Akigawa 80 kwa sita, kila moja litapata 13 na ushei kwa mwezi, hakuna litakalosogea kwa kiasi cha kuonekana, na baada ya muda yote yataachwa. Ni afadhali kuwa na lengo moja kuu kwa wakati mmoja, na pengine moja dogo pembeni yake.

Kuhusu mpangilio, ushauri unaotolewa mara nyingi ni kuwa na akiba ya dharura ya miezi 3 hadi 6 ya matumizi ya lazima kabla ya mengine yote. Ushauri huo ni mzuri, lakini kwa mwenye ziada ndogo huwa mrefu mno. Ikiwa matumizi ya lazima ya mtu wetu ni 700 kwa mwezi, miezi 3 ni 2,100, nayo kwa 80 itachukua miezi 27. Kama ana deni lenye riba kubwa, kusubiri miezi 27 huku deni likizaa si busara. Kwa maoni yangu aanze na kinga ndogo, mathalani 200 au 300, ili tatizo dogo lisimrudishe kukopa, kisha ageukie deni, na baada ya hapo arudi kuikamilisha akiba.

Sababu ya kulipatia deni uzito huo iko kwenye hesabu ya riba, nayo inastahili kutazamwa kwa karibu. Mkopeshaji husema “asilimia 2 tu kwa mwezi”, na msikilizaji huona ni kidogo. Riba hiyo ikilimbikizwa mwezi hadi mwezi hufika karibu asilimia 26.8 kwa mwaka, kiwango ambacho ni vigumu sana kupata akiba ya kawaida inayokifikia. Chukua deni la 1,200 linalotozwa asilimia 2 kila mwezi kwa salio lililobaki. Mwezi wa kwanza riba ni 24. Mdaiwa akilipa 30, ni 6 tu zinazopunguza deni, na kwa mwendo huo atalipa kwa zaidi ya miezi 81, akitoa riba ya zaidi ya 1,200, yaani atakuwa amelilipa deni mara mbili. Akilipa 80 kila mwezi, atamaliza kwa takriban miezi 18 na riba yote itakuwa kama 240. Akifanikiwa kufika 110, atamaliza katika mwezi wa 13, na riba itashuka hadi karibu 170. Kwa hiyo lengo la “kumaliza deni” nalo liandikwe kwa kiasi cha rejesho na mwezi wa kumaliza, kama lengo lingine lolote.

Mwenye madeni kadhaa atasikia shauri mbili. Ya kwanza ni kulikabili kwanza deni lenye riba kubwa kuliko yote huku akilipa kiwango cha chini kwa mengine. Ya pili ni kuanza na deni dogo kuliko yote bila kujali riba. Kihesabu ya kwanza ni bora, kwa kuwa hupunguza jumla ya riba. Ya pili ina faida ya kumpa mtu ushindi wa mapema na kumpunguzia idadi ya wanaomdai. Ikiwa riba za madeni yako hazitofautiani sana, chagua ile utakayoweza kudumu nayo. Zikitofautiana kwa mbali, fuata hesabu.

Malengo ya mbali, kama vile maisha ya baada ya kustaafu, yana tatizo lake: kwa kuwa hayana kelele, huahirishwa kila mwaka. Hapa muda una thamani kuliko kiasi. Mtu anayetenga 80 kila mwezi kwa miaka 20, fedha yake ikikua kwa asilimia 6 kwa mwaka na riba ikiongezwa kila mwezi, atakuwa ameweka 19,200 na atakuwa na takriban 37,000. Anayechelewa miaka 10, kisha akatenga 160 kila mwezi kwa miaka 10 iliyobaki, ataweka 19,200 ileile lakini ataishia na takriban 26,200. Ukuaji wa asilimia 6 ni wa mfano tu, na hakuna anayeweza kukuhakikishia. Tofauti kati ya watu hao wawili, hata hivyo, itakuwepo kwa kiwango chochote kilicho juu ya sifuri. Kwa sababu hiyo, hata aliye katikati ya lengo jingine anaweza kuamua kuacha kiasi kidogo kiende huko bila kukatika, hasa kama mwajiri wake huongeza mchango.

Mahali pa kuweka fedha pafuate umbali wa lengo. Fedha ya dharura ikae mahali inapoweza kutolewa siku hiyohiyo. Fedha itakayohitajika ndani ya miaka michache isiwekwe kwenye hisa, kwa kuwa bei za hisa zinaweza kuwa zimeshuka wakati ule ule ada inapodaiwa. Akaunti ya akiba au amana inayoiva karibu na tarehe ya lengo inafaa zaidi. Ya miaka mingi inaweza kuvumilia kupanda na kushuka.

Kuliwekea lengo njia yake

Akiba inayosubiri kuona kitakachobaki mwisho wa mwezi kwa kawaida haioni kitu. Agiza benki ihamishe kiasi cha lengo siku mshahara unapoingia, au siku inayofuata, kiende kwenye akaunti tofauti yenye jina la lengo hilo. Kama huduma hiyo haipo, weka siku na saa maalumu ya kufanya uhamisho mwenyewe kabla ya kulipa kitu kingine. Kwa matukio yanayoweza kukuyumbisha, amua mapema: “Nikipata fedha nisiyoitarajia, nusu itakwenda kwenye deni kabla ya kununua chochote”, “Mtu akiniomba mkopo, nitatoa kilichomo kwenye fungu la misaada, na fungu likiisha nitasema limeisha.” Uamuzi uliofanywa siku tulivu ni rahisi kuufuata kuliko ule unaotafutwa wakati mtu yuko mlangoni anasubiri jibu.

Nyongeza ya kipato nayo iamuliwe kabla haijafika. Wachumi Richard Thaler na Shlomo Benartzi walichapisha mwaka 2004 matokeo ya mpango ambamo wafanyakazi waliahidi mapema kwamba kila mshahara utakapopanda, sehemu ya nyongeza itaongezwa kwenye akiba ya uzeeni. Katika kampuni ya kwanza iliyoujaribu, wastani wa akiba wa waliojiunga ulipanda kutoka asilimia 3.5 ya mshahara hadi asilimia 13.6 ndani ya miezi 40. Hakuna aliyeona fedha ya matumizi ikipungua, kwa kuwa kilichokatwa kilitoka kwenye nyongeza. Mtu binafsi anaweza kujiwekea kanuni hiyohiyo kwa sentensi moja.

Ikiwa kipato na matumizi vinashirikisha mwenzi au familia, lengo la siri halitadumu. George Doran, mtaalamu wa menejimenti aliyependekeza mwaka 1981 masharti ya lengo zuri ambayo mpaka leo hufundishwa kazini, alitaka kila lengo litaje ni nani atakayelitekeleza. Sharti hilo linafaa nyumbani pia: nani anahamisha fedha, nani anaweka rekodi, na ni kiasi gani ambacho hakuna anayeruhusiwa kukitoa bila kumwuliza mwenzake.

Kukagua na kurekebisha

Kagua mara moja kwa mwezi, kwa dakika chache: kiasi kilichopaswa kuwepo, kiasi kilichopo, na sababu ya tofauti. Kila baada ya miezi 3 au 4 rudia hesabu ya ziada, maana matumizi hubadilika polepole bila kutangaza. Usibadilishe lengo kwa sababu ya mwezi mmoja mbaya. Ukikosa kiwango miezi 3 mfululizo, tatizo liko kwenye lengo au kwenye ziada, na itabidi urudi kwenye vile vitu vitatu, muda, kiasi na ziada, uchague cha kusogeza. Kuandika tarehe mpya kwa uwazi ni sehemu ya kazi hii. Kulifuta lengo ambalo hulihitaji tena nako ni sehemu yake, ilimradi fedha iliyokwisha kukusanywa ipewe kazi nyingine siku hiyohiyo.

Lengo likitimia, usiache uhamisho wa kila mwezi usimame. Ile 80 iliyokuwa ikilipa deni imekwisha kuzoea kutokuwepo kwenye matumizi, na ikikaa miezi miwili bila jina itamezwa na matumizi usiyoyakumbuka. Kwa hiyo jina la lengo linalofuata, kiasi chake na akaunti yake viwe vimeandikwa kabla ya rejesho la mwisho, ili mwezi unaofuata fedha ileile iende huko moja kwa moja.